Bath, Mji wa Maji ya Moto, na Mgeni Wake Kutoka Uhabeshi

Sisi tunaokaa kando ya Bonde la Ufa hatushangazwi na maji ya moto. Kusini ya Ziwa Edward, ndani ya Parke ya Virunga, pana mahali paitwapo Mayi ya Moto, na jina lenyewe latosha. Ng'ambo ya mto Semliki, katika nchi ya Bundibugyo huko Uganda, ziko chemchemi za Sempaya ambazo maji yake huchemka hata watu hupika humo mayai na ndizi. Lakini katika Uingereza, nchi ya mvua na baridi, kitu cha namna hiyo ni haba mno, na mahali kilipoonekana pamekuwa mji wenye sifa duniani. Mji huo ni Bath, na jina lake ndilo neno la Kiingereza la kuoga.

Wageni kwa maelfu huenda Bath kila mwaka kutazama majumba na mabirika yake. Vitabu vya wasafiri huwaonyesha njia: anzeni hapa, kisha pale. Nasi tutaifuata njia hiyo, ila tutapita upesi penye vioo na dhahabu, na tutakaa zaidi katika nyumba moja iliyo pembeni mwa mji, ambayo wageni wengi hawaifikii. Maana katika nyumba hiyo alikaa Mwafrika, mfalme aliyefukuzwa katika nchi yake. Na katika vita ya kumrudisha, damu ya vijana wa Kongo nayo ilimwagika.

Tuanze na maji. Bath uko magharibi ya London, mwendo wa kilomita 160 hivi, kando ya mto Avon, kati ya vilima. Wataalamu wanasema kwamba maji yale ni mvua iliyonyesha juu ya vilima vya Mendip maelfu ya miaka iliyopita. Ikapenya katika mawe ikashuka chini sana, zaidi ya kilomita mbili, ikapata joto la tumbo la dunia, na sasa inapanda tena kwa nyufa. Kila siku hutoka lita zaidi ya 1,000,000, zenye joto la digrii 46. Hakuna mtu anayeyapiga pampu ili yatoke, wala hayapungui wakati wa kiangazi.

Waingereza wa zamani walikuwa na hadithi yao ya kueleza jinsi chemchemi ilivyogunduliwa. Walisema mtoto mmoja wa mfalme, Bladud, alishikwa na ukoma, akafukuzwa katika nyumba ya baba yake, akawa mchunga nguruwe. Nguruwe wake wenye magonjwa ya ngozi walijitupa katika matope ya moto wakatoka wazima. Bladud akafanya vile vile, akapona, akarudi kwao akapokewa. Ni hadithi tu. Walakini inafaa kukumbuka kwamba mji huu wa matajiri ulipotaka kujisimulia chanzo chake, ulimtaja mkoma aliyefukuzwa.

Waliojenga kweli ni Waroma. Kwenye miaka ya 60 na 70 baada ya Kristu walizungushia chemchemi ukuta, wakajenga hekalu la mungu wa kike wa wenyeji, Sulis, wakamwunganisha na Minerva wao, na mji wakauita Aquae Sulis, yaani maji ya Sulis. Birika kubwa walilolijenga lipo mpaka leo, na chini yake limetandikwa mabamba ya risasi waliyoyaweka wao. Mgeni hulipa kiingilio, hushuka ngazi, akaona maji ya kijani yakitoa mvuke. Kuoga humo hakuruhusiwi: mwaka 1978 msichana mmoja alikufa kwa ugonjwa wa kijidudu kilichokuwa katika maji, na mabirika yakafungwa. Tangu mwaka 2006 watu huoga katika jengo jipya la karibu, ambalo maji yake husafishwa kwanza.

Katika mambo yote ya Waroma yaliyo pale, mimi ningesimama mbele ya vibamba vidogo vya risasi. Vimeokotwa kama 130 katika chemchemi. Mtu aliyeibiwa joho lake au nguo yake ya kuogea alikwenda kwa mwandishi, akaandikiwa laana juu ya mwizi, akakunja kibamba akakitupa majini ili Sulis amwadhibu mwizi yule. Msomaji wa Butembo asicheke sana. Katika mitaa yetu pia wapo wanaokwenda usiku kutafuta dawa ya mwizi, na asubuhi wanaonekana kanisani. Katika kibamba kimoja mtu aitwaye Annianus, aliyeibiwa fedha sita kutoka mfukoni mwake, anamwomba mungu wake amtafute mwizi, akiwa mpagani au akiwa Mkristu. Hivyo ndivyo jina la Mkristu linavyoonekana kwa mara ya kwanza katika mji wa Bath: limo katika orodha ya watu wanaodhaniwa wezi! Wakristu walikuwa wachache bado, lakini walikwisha kuwa majirani waliojulikana.

Waroma walipoondoka Uingereza mwanzoni mwa karne ya 5, paa za mabirika zilianguka na matope yakafunika yote. Kwenye mwaka wa 675 watawa wa kike walipewa ardhi hapo, na baadaye wakafuata watawa wa kiume wa Mtakatifu Benedikto. Siku ya Pentekoste ya mwaka 973 Mtakatifu Dunstan, Askofu Mkuu wa Canterbury, alimtia Edgar taji la ufalme wa Uingereza katika kanisa la watawa hao. Kisha kwenye mwaka wa 1090 Askofu Yohane wa Tours, aliyekuwa mganga pia, alihamishia kiti chake Bath.

Kazi ya watawa na maaskofu ilikuwa kusali, lakini maji yalikuwa mlangoni pao na wagonjwa walikuja. Mwaka 1174 Askofu Reginald alianzisha nyumba ya Mtakatifu Yohane karibu na chemchemi moja, ili maskini waliokuja kutafuta uzima wapate mahali pa kulala. Nyumba hiyo haijafungwa hata leo. Imepita katika tauni, katika mafarakano ya dini, katika vita viwili vya dunia, na bado inawapa wazee wasiojiweza makazi. Wageni hupita mbele yake wakienda kununua sabuni.

Kanisa kubwa linaloonekana sasa katikati ya mji lilianzishwa mwaka 1499 na Askofu Oliver King. Wanasema aliota ndoto kama ile ya Yakobo, akaona malaika wakipanda na kushuka kwa ngazi. Basi mafundi wakazichonga ngazi hizo katika mawe ya mbele ya kanisa, kushoto na kulia kwa dirisha. Malaika wengine wanapanda, na wale wanaoshuka wameshuka kichwa chini miguu juu, kama mijusi ukutani. Watoto hupenda kuwahesabu. Lakini watawa hawakulifaidi kanisa hilo. Mwezi wa Januari 1539 mkuu wao alilazimika kutoa kila kitu kwa Mfalme Henry wa Nane. Risasi ya paa iliuzwa, hata kengele na vioo, na nyumba ya Mungu ikakaa miaka mingi bila paa, mvua ikinyesha ndani. Wenyeji walilitengeneza baadaye, na siku hizi ni kanisa la Waanglikana.

Watawa walipokwisha kuondolewa, swali la maskini lilibaki. Nani atampokea mgonjwa asiye na kitu? Mwaka 1572 Bunge liliweka sheria: maskini mgonjwa asiende Bath, wala Buxton ambako pia kuna maji ya dawa, ila awe na karatasi ya ruhusa kutoka kwa waamuzi wawili, na parokia yake iwe imekubali kumlipia matumizi. Asiye na karatasi alihesabiwa mzururaji. Sisi tunaozijua barrière na karatasi zake hatuhitaji maelezo marefu.

Wakuu walikuja bila karatasi. Mwaka 1687 Malkia Maria wa Modena, Mkatoliki, mke wa Mfalme James wa Pili, alikuja kuoga akitumaini kupata mtoto, na mwaka uliofuata akajifungua mwana. Wakatoliki walishukuru, na nguzo nzuri ya marumaru ikasimamishwa katika chemchemi ile. Waprotestanti wa nchi waliona kwamba sasa wafalme Wakatoliki hawatakwisha, na katika mwaka uo huo wa 1688 James akafukuzwa. Mtoto aliyeombwa Bath akakulia ugenini Ufaransa.

Karne ya 18 ndiyo iliyoupa mji sura inayopigwa picha leo. Bwana mmoja, Richard Nash, alifika mwaka 1705 akawa mkuu wa sherehe: alikataza wanaume kuvaa panga mjini, akapanga saa za ngoma, saa za kunywa maji na saa za karata. Karata ndizo zilizompa fedha na ndizo zilizomfilisi. Alikufa maskini mwaka 1761. Wajenzi wawili, John Wood na mwanawe, walijenga kwa mawe ya rangi ya asali yaliyochimbwa katika kilima cha jirani. Kazi yao inayosifiwa kuliko zote ni Royal Crescent, nyumba 30 zilizoshikana katika umbo la mwezi mwandamo, zilizojengwa kati ya 1767 na 1775. Kuna na daraja la Pulteney lenye maduka pande zote mbili, hata mtu akipita asijue kwamba yuko juu ya mto. Karibu na birika la Waroma kuna ukumbi ambamo mgeni hupewa bilauri ya maji ya chemchemi. Ni vuguvugu, yana ladha ya chuma, na wengi hawamalizi.

Nani alilipa gharama za uzuri huo? Wageni matajiri, bila shaka. Na utajiri wa baadhi yao ulitoka katika miwa ya visiwa vya Amerika, iliyolimwa na Waafrika waliouzwa. Juu ya kilima cha Lansdown uko mnara uliojengwa na William Beckford, ukamalizika mwaka 1827. Fedha zake zilitoka katika mashamba ya sukari ya Jamaica na watumwa wake. Watunzaji wa mnara wenyewe huwaeleza wageni jambo hili waziwazi siku hizi. Ni vizuri. Zamani waliowapeleka wageni huko walisifu ngazi na mandhari tu.

Katika karne hiyo ya fahari, hata hivyo, watu wa Bath walichanga wakajenga hospitali ya maskini, iliyoanzishwa mwaka 1738 na kupokea wagonjwa tangu 1742. Kanuni moja yake inanishangaza kila mara. Kila mgonjwa aliyetoka mbali alitakiwa kuweka amana ya fedha siku ya kuingia: akipona, zimsaidie kurudi kwao, akifa, zilipe mazishi. Walimpokea mgeni, na papo hapo walihakikisha kwamba hatabaki. Sithubutu kuwahukumu, maana walimpokea kweli na wengi walipona. Lakini hofu hiyo ya mwenyeji, kwamba mgeni atakaa, ni ya kale sana.

Neno moja kwa waseminari wetu. Upande wa kusini wa mji kuna jumba la Prior Park, lililojengwa na Ralph Allen, mwenye machimbo ya mawe. Mwaka 1829 Askofu Peter Augustine Baines, Mbenedikto, alilinunua akafanya humo shule na seminari, wakati ule Wakatoliki wa Uingereza walipokwisha kurudishiwa haki zao. Seminari haikudumu, shule ipo.

Sasa twende Newbridge, pembeni mwa mji, katika barabara ya Kelston. Hapo, nyuma ya miti, pana nyumba iitwayo Fairfield. Si jumba la kifalme. Ni nyumba ya tajiri wa kawaida, yenye bustani.

Mwezi wa Oktoba 1935 Waitaliani wa Mussolini waliishambulia Uhabeshi, ambayo leo tunaiita Ethiopia, wakatumia ndege na hewa ya sumu. Mwezi wa Mei 1936 Mfalme Mkuu Haile Selassie aliondoka Addis Ababa kwa treni mpaka Djibuti, akaenda Yerusalemu kusali, kisha akafika Uingereza tarehe 3 Juni. Watu wa London walijaa njiani kumsalimu. Serikali haikufanya sherehe. Tarehe 30 Juni alisimama Geneva mbele ya Shirika la Mataifa. Waandishi wa magazeti wa Italia walimpigia miluzi. Yeye akasema kwa lugha yake, akaeleza jinsi sumu ilivyonyeshwa juu ya watu na mifugo, akawaonya wakubwa kwamba likimpata mdogo leo litawapata wao kesho. Walimsikiliza, na baada ya siku chache vikwazo walivyoiwekea Italia viliondolewa.

Mwezi wa Agosti mwaka huo alikwenda Bath kupumzika, akakaa hotelini. Mji ukampendeza, akanunua Fairfield. Alihamia na jamaa yake, wajukuu wake, wakuu waliokimbia pamoja naye, mapadri na watumishi. Katika kibanda cha vioo cha bustanini, ambamo wenye nyumba wa kwanza walikuwa wakikuza mimea, Wahabeshi walifanya kanisa lao dogo na kusali kwa Kige'ez.

Msidhani alikaa kwa raha. Fedha zilikuwa haba. Vyombo vya fedha alivyotoka navyo viliuzwa, na makaa ya kupashia nyumba moto wakati wa baridi yalikuwa shida kulipia. Malkia Menen hakuiweza baridi ya Uingereza, akarudi Yerusalemu. Binti yao Tsehai alikwenda London kujifunza uuguzi, akaosha vidonda vya watoto wa Waingereza. Mfalme mwenyewe alisoma, aliandika barua kwa serikali ambazo hazikutaka kumjibu, na alianza kuandika habari za maisha yake. Watu wa mtaani walimwona akitembea kwa miguu, mtu mdogo mwenye ndevu na joho jeusi, wakavua kofia.

Habari zilizomfikia kutoka kwao zilikuwa za kutisha. Mwezi wa Mei 1937, kwa amri ya Graziani, askari waliwaua mamia ya watawa na mashemasi wa monasteri ya Debre Libanos. Sisi Wakatoliki hatuna sababu ya kulificha jambo hili. Waliotoa amri walikuwa wamebatizwa katika Kanisa letu, na waliouawa walikuwa wanaume wa sala. Kisha mwaka 1938 serikali ya Uingereza ilipatana na Mussolini, ikakubali kwamba Uhabeshi ni mali ya mfalme wa Italia. Basi fikirini hali ya mgeni huyu: serikali ya nchi inayomhifadhi imekwisha kusema kwamba ufalme wake haupo, naye bado anaishi katika mtaa wa Bath, na majirani wanaendelea kumwita Mfalme.

Katika lugha yetu neno mgeni ni moja tu. Mwenye kamera shingoni anayelipa kiingilio ni mgeni, na aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni ni mgeni vile vile. Sisi wa Grand Nord tumewajua wote wawili. Wakati wa Wabelgiji hoteli ilijengwa Mutwanga, chini ya Ruwenzori, kwa ajili ya wapanda mlima, na wazee hukumbuka Wazungu waliokuja kutazama theluji. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza katika eneo la Beni, tumewapokea wageni wa aina ya pili: watu wa Mbau, Oicha na Eringeti, na mwaka 2024 wale wa Kanyabayonga waliokuja kwa njia ya Lubero. Mithali yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Imekuwaje kwa yule ambaye jembe analo, ila shamba lake liko mahali asipoweza kukanyaga? Jamaa nyingi za Butembo zimekaa na wale tunaowaita deplase miaka, si siku, katika nyumba ya vyumba viwili. Zinajua kwamba siku ya kwanza ni rahisi. Mwezi wa sita ndipo unga unapopimwa kwa kikombe na maneno yanaanza jikoni. Mfalme alikaa Bath karibu miaka minne.

Tarehe 10 Juni 1940 Mussolini aliingia vitani upande wa Hitler. Ghafula mgeni aliyesahauliwa akawa na kazi! Mwezi huo huo Waingereza walimpandisha katika ndege kwa siri, akafika Misri na kisha Khartum. Tarehe 20 Januari 1941 alivuka mpaka akakanyaga ardhi ya nchi yake.

Hapa ndipo Wakongo wanapoingia. Ubelgiji ulikuwa umeshikwa na Wajeremani tangu Mei 1940, lakini Kongo haikushikwa. Gavana Mkuu Pierre Ryckmans aliamua kwamba koloni litapigana, na mwanzo wa mwaka 1941 vikosi vya Force Publique vilipelekwa kupitia Sudani mpaka magharibi ya Uhabeshi. Walikuwa askari Wakongo chini ya maofisa Wabelgiji, na nyuma yao wapagazi. Tarehe 11 Machi waliteka Asosa, tarehe 23 Machi Gambela. Kisha walipanda kuelekea Saio, mji ulio juu mlimani, ambako Waitaliani wengi kuliko wao walikuwa wamejichimbia. Mvua zikaanza, njia zikakatika, chakula kikapungua. Beriberi na kuhara viliua pamoja na risasi. Tarehe 3 Julai 1941 Jenerali Gazzera alijisalimisha kwa Jenerali Gilliaert, na majenerali 9 wa Italia wakawa mateka. Wakongo kwa mamia hawakurudi.

Vijana wale hawakuulizwa kama wanataka kupigana. Nchi yao wenyewe haikuwa huru, na waliporudi hawakupewa hata kibali cha kuingia kwa mlango mmoja na Mzungu. Hata hivyo walisaidia kuondoa utawala wa kigeni katika nchi ya Kiafrika miaka 19 kabla ya uhuru wetu. Majina ya vita vile yamebaki katika miji yetu: Bukavu kuna kambi ya Saio, na Kinshasa kuna barabara za Saio, Gambela na Asosa. Watu hutaja majina hayo kila siku wakipanga bei na mwenye pikipiki, na wengi hudhani ni majina ya vijiji vya Kongo.

Haile Selassie aliingia Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu siku Waitaliani walipoingia. Aliwaamuru watu wake wasilipe ubaya kwa ubaya, na Waitaliani wengi waliobaki nchini waliishi kwa amani. Binti yake Tsehai, yule muuguzi, alikufa mwaka 1942 akiwa kijana, na hospitali ya Addis Ababa ikapewa jina lake. Mji wa Bath wenyewe ulipigwa mabomu ya Wajeremani usiku wa tarehe 25 hadi 27 Aprili 1942. Watu zaidi ya 400 walikufa.

Nisimfanye mfalme huyu kuwa mtakatifu. Alitawala muda mrefu mno, na watu wa Wollo walipokufa kwa njaa mwaka 1973, serikali yake ilinyamaza. Askari walimwondoa mwaka 1974, akafa kifungoni mwaka 1975. Wala yeye hakujiita Mungu, kama Warastafari wanavyomwamini. Alikuwa Mkristu wa Kanisa la Uhabeshi, na kibanda cha vioo cha Bath ni shahidi. Lakini hakusahau alikopokewa. Mwaka 1960 nchi yetu ilipovurugika, Wahabeshi walikuwa kati ya askari wa Umoja wa Mataifa waliofika Stanleyville. Mwaka 1967 mwenyewe alikuja Kinshasa katika mkutano wa wakuu wa Afrika.

Na Bath alirudi mwezi wa Oktoba 1954, safari hii kwa heshima zote. Wakuu wa mji walimpa haki ya kuwa mwananchi wake. Aliitazama nyumba yake ya Newbridge. Mwaka 1958 aliitoa kwa mji, akitaka itumike kwa ajili ya wazee. Ndivyo inavyotumika. Wazee wa Bath, na kati yao wengi waliotoka visiwa vya Karibi, hukutana humo mchana, wakapata chakula na mazungumzo. Siku zilizowekwa mgeni anaweza kuingia na kuonyeshwa vyumba, lakini wazee wakiwa mezani husubiri.